Kidari cha chumvi: kuchemsha, kuoka au sufuria la presha?

Huku Lowell, Massachusetts, Machi ikiingia tu, majokofu ya wazi ya supamaketi hujaa vipande vya nyama nyekundu vilivyobanwa kwenye plastiki, kila kimoja na kijipakiti chake cha viungo. Hiyo ndiyo corned beef ya Wamarekani: kidari cha ng'ombe kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi kwa siku kadhaa, kisha kikauzwa kibichi. Tarehe 17 ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na jimbo hili limejaa wajukuu na vitukuu vya Waayalandi. Siku hiyo nyama hii hupikwa na kabichi hata na watu ambao mwaka mzima hawaigusi.

Mimi ni mtoto wa Kongowea, Mombasa. Corned beef niliyokulia ni ya kopo, ile ya KMC, kiwanda cha nyama cha Athi River, unaikaanga na kitunguu na nyanya, unaishushia na ugali au mkate wa jana. Wenzetu wa Dar walikuwa na ya Tanganyika Packers, kiwanda cha Kawe ambacho siku hizi watu wanakijua kwa viwanja vyake vya mikutano ya injili. Ya kopo imeshapikwa; unaifungua, unakula. Kwa hiyo nilipopata kazi jikoni katika nyumba moja ya kutunzia wazee, nikaambiwa mwezi ujao kuna corned beef ya ukumbi mzima, nilijua kazi yangu itakuwa kufungua makopo mpaka mkono uchoke. Siku nilipofunguliwa mlango wa chumba cha baridi nikaona maboksi ya vidari vibichi, nilinyamaza. Mgeni kazini hukubali kwanza, maswali anayapeleka nyumbani.

Nikaamua kujifunzia jikoni kwangu kabla siku haijafika. Nilinunua kipande cha ratili nne kwa dola 4 kila ratili. Machi ndiyo wakati wa kununua, maana maduka huishusha bei ili kuvuta wateja. Kidari kile kile kisicho na chumvi kilikuwa kwenye rafu ya pili kwa bei ya juu zaidi. Sikusoma chochote. Nilikipangusa, nikakipaka pilipili manga na kitunguu saumu kama ninavyofanya na paja la mbuzi, nikakitia ovenini bila kifuniko kwa moto wa 350 wa Farenhaiti. Baada ya saa moja na nusu nikachoma kipimajoto katikati, kikasoma 150, yaani kama 65 za Selsiasi. Idara ya Kilimo ya Marekani inasema nyama ya ng'ombe nzima ikifika 145 na kupumzishwa dakika tatu ni salama kuliwa. Nikatoa. Kwa macho ilikuwa nzuri ya kupigwa picha.

Wifi yangu alikuwa amekuja na watoto wake kutoka Worcester. Akatia kipande cha kwanza mdomoni, akatafuna, akanywa maji, akatafuna tena.

"Wifi," akasema, "hii ni nyama au umetuletea Gongoni nzima?"

Anayejua mashamba ya chumvi ya kule Magarini atacheka. Mimi sikucheka. Watoto waliletewa chipsi, mume wangu akajitutumua kumaliza sahani kwa heshima ya ndoa, na nyama iliyobaki ilikuwa ngumu na ya chumvi kiasi kwamba hata kwenye maharage niliitia kidogo kidogo. Kilichonitia homa zaidi ni kwamba kazini kulikuwa na wazee wasio na meno ya kutosha.

Jioni nikampigia shangazi yangu Mombasa, kulalamika tu, si kuomba ushauri. Maana shangazi hajawahi kuiona nyama hii.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwani papa mkavu wewe humpika vipi? Humtoi tu guniani ukamtia moto. Humlazi kwenye maji, ukayamwaga, ukamlaza tena?"

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kunyooka. Tangu wakati huo sijawahi kuipika bila kuiloweka. Fungua plastiki juu ya sinki, mwaga yale maji mekundu yote, suuza kidari kwa maji ya bomba huku ukikisugua kwa vidole, hasa pale chumvi ilipojificha kati ya nyama na mafuta. Kisha kitie kwenye bakuli la maji baridi, funika, weka jokofuni. Usikiache mezani usiku kucha, hata kama kina chumvi. Saa mbili zinasaidia kidogo. Ukilaza usiku mzima na kubadilisha maji mara moja au mbili, tofauti unaisikia wazi. Kijipakiti cha viungo kina mbegu za giligilani, haradali, pilipili manga na majani makavu, na aliyezoea pilau ataona ni kidogo mno. Mimi huongeza karafuu mbili na kijiti cha mdalasini. Chumvi usiongeze hata chembe, wala kwenye kabichi.

Ugumu nao una sababu yake. Kidari ni msuli wa kifuani unaobeba uzito wa ng'ombe siku zote, umejaa nyuzi na ule utando mgumu mweupe unaoshikilia nyuzi hizo, kolajeni. Kolajeni haiogopi moto mkali, inachotaka ni muda. Nyama ikiwa kwenye 65 za Selsiasi imeshaiva kwa maana ya usalama, lakini kolajeni bado iko kama ilivyokuwa. Mpaka katikati ya kipande pafike kama 90 hadi 95, na pakae hapo kwa muda, ndipo inayeyuka na kuwa ule utelezi unaougusa kwenye supu ya kongoro. Ndiyo maana kipimajoto kinaweza kukupa ruhusa ya kula kitu ambacho meno yatakikataa. Rangi nayo isikudanganye: nyama hii hubaki nyekundu hata ikiiva sana, kwa sababu ya naitraiti, kemikali ya kuhifadhia nyama, iliyotiwa kwenye maji yake ya chumvi. Ukingoja igeuke kahawia utangoja mpaka Pasaka.

Kazini mpishi mkuu alikuwa mama wa Kikambodia, na Lowell ina Wakambodia wengi sana. Alikuwa amepika nyama ya Waayalandi kwa miaka mingi kuliko Waayalandi wenyewe wa pale. Njia yake ilikuwa kuchemsha. Masufuria makubwa, vidari vimelala upande wa mafuta juu, maji yamevizidi vidole viwili. Alisubiri maji yachemke, akaondoa povu kwa mwiko wa matundu, kisha akashusha moto mpaka maji yakawa yanatoa kiputo kimoja kimoja pembeni mwa sufuria. Mimi nilidhani moto umezimika, nikaunyoosha mkono kwenye kitasa. Akanipiga kofi dogo kiganjani.

Maji yakitokota kwa nguvu, nyuzi za nyama hujikunja na kukamua maji yake yote; nje inachambuka, ndani inakauka. Kwa moto wa chini, kipande cha kilo moja na nusu hadi mbili kinataka saa tatu, mara nyingine tatu na nusu. Yule mama hakuwa anatazama saa wala kipimajoto. Alichoma uma wa meno mawili katikati ya kidari na kujaribu kukiinua. Kikipanda na uma, bado. Uma ukitoka wenyewe na nyama ikabaki majini, tayari. Niliona vidari vya sufuria moja, vya uzito ule ule, vikipishana karibu nusu saa, kwa hiyo choma kila kimoja, usiamini cha jirani yake.

Mboga hutiwa mwishoni. Viazi na karoti nusu saa ya mwisho, kabichi iliyokatwa vipande vinene dakika kumi na tano tu. Watu wengi hutoa nyama kwanza, wakaifunika, wakapika mboga kwenye mchuzi ule huku nyama inapumzika, na huo ndio utaratibu ninaoupenda, maana sufuria la nyumbani halibebi vyote.

Mzee mmoja pale, babu yake alizaliwa kaunti ya Cork, alinihadithia siku hiyo akiwa na sahani mbele yake kwamba bibi yake hakupika hii kabisa huko kwao. Walikula nyama ya nguruwe ya chumvi na kabichi. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ni kweli. Cork ilikuwa ikisafirisha mapipa ya nyama ya ng'ombe ya chumvi kwenda ng'ambo tangu karne ya 17, hasa baada ya Uingereza kuzuia ng'ombe hai wa Ayalandi kuingizwa nchini mwake kwa sheria za miaka ya 1660, lakini Muayalandi wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuila. Walipohamia New York karne ya 19 wakakuta kidari cha chumvi cha bei nafuu kwenye bucha za Wayahudi, ndipo kikawa chakula chao. Sikukuu nzima ya watu imejengwa juu ya nyama waliyoizoea ugenini. Mimi na maandazi yangu ya unga wa Marekani nilimwelewa sana.

Nyumbani sina saa tatu na nusu za kusimama karibu na jiko. Mume wangu anafanya zamu ya usiku, mimi naondoka alfajiri. Kwa hiyo nikajaribu ule mtungi wa umeme unaopika polepole, ambao karibu kila Mkenya wa huku anao kwa ajili ya maharage na githeri. Unapanga viazi chini, nyama juu, maji kidogo, unaweka moto mdogo, unakwenda kazini. Saa nane hadi kumi baadaye unakuta nyama laini ya kukatwa kwa kijiko. Lakini maji yakiwa kidogo, chumvi haina pa kwenda, na viazi vinaifyonza yote. Siku nisipoloweka usiku kucha, huu mtungi ndio hunisaliti kuliko njia nyingine zote. Kabichi nayo ukiitia asubuhi, jioni utaitafuta. Siku hizi ninatia nyama peke yake na maji ya kuifunika kabisa, mboga napika nikirudi.

Sufuria la presha ni la mwenye haraka. Dakika themanini na tano hadi tisini kwa kipande cha kilo moja na nusu, kisha unaiacha presha ishuke yenyewe robo saa au zaidi. Hapa usiwe na pupa. Niliwahi kuifungulia mvuke mara moja kwa sababu wageni walikuwa wameshavua viatu mlangoni, na nyama iliyokuwa imeiva ikakaza mbele ya macho yangu. Tatizo lake jingine ni kwamba huna nafasi ya kuchoma uma njiani. Dakika kumi zaidi na kidari kinachambuka nyuzi nyuzi. Kwa sambusa au ya kuchanganya na viazi hilo halina neno. Kwa vipande vya kupanga kwenye sinia mbele ya mama mkwe, hapana.

Nimeishia kwenye oveni, ile ile iliyonitia aibu, ila kwa namna nyingine. Kidari kimelowekwa, kimelala mafuta juu kwenye sufuria nzito au trei, maji yamefika kama robo ya kimo chake, viungo vimemwagwa juu, kisha kimefunikwa kwa foili tabaka mbili zilizobanwa kingoni mvuke usitoke. Moto 300 wa Farenhaiti, kama 150 za Selsiasi, saa tatu na nusu hadi nne. Ikishapita mtihani wa uma, naiondoa foili, napaka juu mchanganyiko wa haradali na asali, naongeza moto kwa dakika kama kumi na tano mpaka mafuta yapate rangi. Inabaki na ladha yake ya nyama, kwa sababu haikuachia kila kitu kwenye maji, na inakatika vizuri. Kasoro yake ni kwamba huna mchuzi mwingi wa kupikia kabichi, na usipoloweka vya kutosha hakuna maji ya kukuokoa. Kwa wazee wetu kazini nisingeitumia. Wao wanataka mchuzi, kiazi kilichopondeka na nyama isiyo na ukoko, na kuchemsha kunawapa hayo yote.

Kuna mawili ambayo yanaharibu njia yoyote utakayochagua. La kwanza ni kipande chenyewe. Kidari hukatwa sehemu mbili: bapa, chenye nyama tupu na tabaka moja la mafuta, na ncha, kilichonona na mafuta yamepita katikati. Bapa hukatika vizuri lakini hukauka upesi. Ncha ni rahisi zaidi kwa bei na ni vigumu kuiharibu, ila mafuta yake si ya kila mtu. Kwa sufuria la presha na mtungi wa umeme nachukua ncha. Kwa oveni, bapa. Nyama hupungua theluthi nzima ikiiva, mara nyingine zaidi, kwa hiyo kadiria robo tatu ya ratili mbichi kwa kila mtu, la sivyo wageni wa mwisho watakula kabichi.

La pili ni kisu. Iache nyama ipumzike robo saa, kisha tazama nyuzi zinakoelekea, ukate kuzivuka. Nyama ile ile, iliyopikwa vizuri, ukiikata kufuata nyuzi itakuwa ya kutafuna kama kamba. Nyuzi za bapa na za ncha hazielekei upande mmoja, kwa hiyo ukiwa na kidari kizima, kitenganishe kwanza. Mimi hukata kijikona kidogo kwenye nyama mbichi kabla ya kupika, kuonyesha upande wa kukatia, kwa sababu ikishaiva na kutapakaa viungo nyuzi hazionekani.

Huku New England utakuta pia kidari cha chumvi cha rangi ya kijivu. Hakijaharibika. Kimetiwa chumvi bila naitraiti, na wenyeji wa Boston wengine hawataki kingine. Chumvi yake mara nyingi ni kali zaidi, kwa hiyo maji ya kuloweka yabadilishwe bila ubahili.

Marafiki zangu Waislamu hawawezi kununua ya supamaketi, na rafiki yangu wa Lamu alinichosha kwa kuuliza mpaka tukakaa jikoni kwake tukatengeneza wenyewe kwa kidari cha bucha la halali. Maji lita nne, chumvi gramu 450, sukari gramu 100, viungo, na chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama gramu 25, ambayo ndani yake ina naitraiti asilimia 6.25. Chemsha, poza kabisa mpaka iwe baridi, zamisha kidari cha ratili tano, weka sahani juu kisielee, jokofuni siku tano hadi saba. Sasa sikilizeni hapa. Chumvi hiyo hutiwa rangi ya pinki makusudi ili isichanganywe na ya mezani, na madukani kuna chumvi ya pinki ya Himalaya ambayo ni ya kula kila siku. Si kitu kimoja. Ya kuhifadhia ukiitia kwenye mchuzi kama chumvi ya kawaida ni sumu, kwa hiyo ipime kwa mizani, iandike jina, iweke mbali na watoto. Ukiogopa, iache kabisa. Utapata nyama ya kijivu, tamu vilevile.

Wenye presha ya damu nao niwaambie waziwazi. Kipande cha gramu 85 cha nyama hii iliyopikwa kina zaidi ya miligramu 800 za sodiamu, na kiwango kinachoshauriwa Marekani kwa mtu mzima ni chini ya 2,300 kwa siku nzima. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka nyama iliyosindikwa, corned beef ikiwemo, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Mimi naipika mara moja kwa mwaka, mbili zikizidi. Baba mkwe anapokuja namkatia kipande kimoja chembamba na namnyima mchuzi, na hanisemeshi mpaka chai iletwe.

Inayobaki ipoze upesi, iweke jokofuni ndani ya mchuzi wake isikauke, na uimalize ndani ya siku tatu au nne. Wamarekani huikatakata wakaikaanga na viazi na kitunguu asubuhi, yai juu. Kwangu inaingia kwenye sukuma wiki, mwishoni kabisa, moto ukishazimwa, na ugali wa moto pembeni.